Giza la Kuuzia, Mwezi wa Kusomea

Jumanne, 9 Januari 2024

Maboksi yamefika kwa basi kutoka Dar. Nakala mia tano za riwaya yangu, *Karabai*, zimepangwa sebuleni upande ambao paa halivuji. Kabla sijamwonyesha mtu nimekaa na kikokotoo, kwa sababu bei nitakayoitaja kesho ndiyo nitakayoishi nayo mpaka nakala ya mwisho.

Uchapaji na usafiri ni shilingi 5,500 kwa kila kitabu. Mhariri na mchora jalada niliwalipa mwaka jana kwa akiba yangu, na fedha hiyo lazima irudi kutoka humu humu. Nimeandika 10,000. Ni noti moja, na noti moja mtu huitoa bila kuanza kupekua mifuko. Nikisema 12,000 nitashinda nikitafuta chenji.

Nakala za sheria nimeshazitenga, zinakwenda Bodi ya Huduma za Maktaba wiki hii pamoja na barua. Ndio walionipa namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada. Sina kampuni, sina mtu wa mauzo. Kwenye ukurasa wa haki jina la mchapishaji ni langu, kwa hiyo kazi zote za mchapishaji ni zangu pia.

Jumatano, 17 Januari

Nimezunguka maduka ya vitabu na vifaa vya shule mjini Mwanza. Shule ndiyo kwanza zimefunguliwa, kila kaunta ina foleni ya wazazi wenye orodha za madaftari na kalamu. Wenye maduka wamenipokea vizuri na karibu wote wamesema neno moja: acha mali kauli. Yaani niache vitabu, nilipwe vikiuzwa.

Hesabu yake ni hii. Duka linachukua asilimia 35, linabaki na 3,500. Mimi napokea 6,500. Nikitoa gharama inabaki elfu moja, na hiyo elfu moja nitaifuata mwenyewe, mwezi hadi mwezi, nikitumia nauli. Nikiuza mkononi nabaki na 4,500.

Mwenye duka mmoja, mzee mtaratibu, amegeuza kitabu mbele na nyuma kisha akaniuliza, "Kina ithibati ya shule?" Nikamwambia hakina, ni riwaya ya watu wazima. Akasema, "Basi, mwanangu, huku hakitatoka. Mzazi akija hapa anafuata orodha ya mwalimu." Sikukasirika hata kidogo. Mzee anamjua mteja wake: anajua anakuja mwezi gani, ana shilingi ngapi na anatafuta nini. Nimetoka dukani nikijiuliza kama mimi ninamjua msomaji wangu kwa kiasi hicho.

Nimeacha nakala kumi katika duka moja tu, kwa hati yenye tarehe na saini.

Alhamisi, 25 Januari

Nimeshinda Mwaloni, Kirumba. Mwezi umejaa. Mitumbwi ya dagaa imevutwa nchi kavu, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Dagaa hufuata mwanga kukiwa na giza. Mwezi ukiwaka, hutawanyika ziwa zima, na mvuvi anayetoka anarudi na hasara ya mafuta. Kwa hiyo vijana wako kivulini wanashona nyavu, wengine wanacheza karata, wengine wamelala tu.

Kijana mmoja nimempa kitabu akishike. Amesoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, wa pili ameketi juu ya gunia, na alipoitwa kwenye karata hakuitika. Baadaye amenirudishia kwa mikono miwili. "Dada, kinanihusu. Ila sasa hivi mfukoni hamna kitu. Njoo giza likiingia."

Nimeishi karibu na mwalo huu miaka mingi na nimeuandikia kitabu kizima, na leo nimeona kitu cha kibiashara kilicho wazi. Wakati wa giza watu hawa wana fedha, hawana saa hata moja ya kukaa. Mwezi ukiwaka wana muda wa kutosha, fedha imekwisha. Kitabu changu inabidi kiuzwe siku za mwisho za giza, malipo yakiwa bado ya moto, ili kisomwe mwezi ukiwaka. Nimechukua kalenda ya ukutani nikaweka alama kila mwezi hadi Desemba.

Jumamosi, 17 Februari

Giza linaelekea mwisho. Nimeomba pembe ya meza kwa mama lishe mmoja, karibu na mizani. Sikubandika tangazo. Nimefungua ukurasa wa 31, pale mjane anapogundua kwamba mpima mizani amekuwa akimwibia tangu alipofiwa na mumewe, nikausoma kwa sauti ya kawaida, kama namsomea mama lishe peke yake.

Akina mama wanaochambua dagaa wamesogea mmoja mmoja. Mmoja akasema kwa nguvu, "Huyo mpimaji namjua!" Wakacheka, wakabishana kama ni yule wa upande huu au yule aliyehamia Katoro. Nilipofika mahali mjane anainua jiwe la mizani, nikafunga kitabu. Kwa muda mrefu sikusema neno. Walioniuliza bei niliwatajia bei.

Mfanyabiashara mmoja wa Bukavu, anayechukua dagaa wa magunia, amesikiliza hadi mwisho. Ameniuliza kwa Kiswahili cha kwao kama mjane analipiza kisasi. Nikamjibu kwamba hilo atalijua akinunua kitabu. Amechukua vitano, nikamfanyia bei ya jumla, 7,500 kila kimoja. Wakongo ni wateja wakubwa wa soko hili, na magunia yao yanafika mahali ambapo mimi sina hata namba ya simu ya mtu mmoja. Kila atakayesoma kule atakuwa amesoma kwa sababu ya dagaa.

Nimeanza daftari. Kila mnunuzi anayekubali naandika jina, simu, anaishi wapi, anafanya kazi gani. Daftari hilo sitampa mtu mwingine yeyote.

Jumapili, 3 Machi, Nansio

Nimevuka kwa meli kuja Ukerewe na begi la vitabu. Kisiwa hiki kimetoa waandishi ambao nchi nzima inawafahamu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa hapa, na *Rosa Mistika* yake ya mwaka 1971 iliwahi kuzuiwa shuleni, watu wakaitafuta hivyo hivyo.

Lakini leo nimemfikiria zaidi Aniceti Kitereza. Alimaliza mswada wake wa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kikubwa kiasi kile katika lugha ya watu wachache. Akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, na mzee akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 toka mswada hadi kitabu, na hakukishika.

Jambo hili linaniuma kila ninapolikumbuka. Kazi ilikuwa tayari, wasomaji walikuwapo, kilichokosekana ni mtu wa kuibeba kazi ile ivuke. Leo mimi naweza kuchapa nakala chache kwa fedha ya vikoba, nikapokea malipo kwa simu, nikatuma kifurushi kwa basi kikafika kesho yake. Kitereza hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwandishi anajishusha anapobeba kitabu chake begani, nitamtajia jina la mzee huyu.

Nimeuza hapa kwa walimu, na kwa mzee mmoja aliyesema atasomewa na mjukuu wake.

Ijumaa, 22 Machi

Kikao cha kikundi cha vikoba, Igoma. Ni Ramadhani, kwa hiyo kimeanza mapema ili waliofunga wawahi nyumbani. Mwenyekiti amenipa nafasi mwishoni, baada ya hisa na marejesho. Nimesoma kurasa mbili, kisha nimeeleza utaratibu ambao tumeupanga naye: anayetaka kitabu anachukua leo na kulipa 2,500 kila wiki kwa wiki nne, fedha inapita kwa mweka hazina wa kikundi, na kikundi kinabaki na shilingi mia tano kwa kila nakala.

Nililiamini jambo hili kwa sababu watu hawa tayari wana nidhamu ya kulipana. Wana daftari, wana sanduku, wana siku. Dukani deni langu ni la mtu mmoja asiyenijua. Hapa deni la mmoja linaonwa na wote.

Jingine ambalo sikulitarajia: wameamua wenyewe kwamba kikao kijacho, kabla ya kufungua sanduku, mtu mmoja ataeleza alipofika. Mama mmoja ambaye hakumaliza shule amesema kwa uwazi kwamba anasoma polepole na anaomba wasimwambie mwisho wa kitabu. Wamemkubalia.

Jumanne, 23 Aprili

Siku ya Vitabu Duniani. Mvua imenyesha tangu alfajiri, lakini mtaani Makoroboi wachuuzi wamefunika bidhaa kwa nailoni na kuendelea. Mmoja wao anatandaza vitabu vya mitumba chini, na kati ya vitabu vya kompyuta na vya dini nimeona riwaya ya Ben Mtobwa iliyochakaa, jalada limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Anasema hizo hazikai. Mtu akiiona anaichukua.

Mtobwa alianzisha Heko Publishers na kuzitoa riwaya zake mwenyewe, mhusika wake Joram Kiango akasomwa kwenye mabasi na kambini. Nairobi, mwaka 1972, David Maillu alianzisha Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya kutia mfukoni kwa ajili ya karani na mfanyakazi wa kawaida. Vilisomwa hata hapa kwetu, mpaka mwaka 1976 Serikali ya Tanzania ilipovipiga marufuku. Mtu anaweza kubishana juu ya maudhui yake. Mimi ninachotazama ni umbo: ukubwa unaoingia mfukoni, bei ya mtu wa mshahara mdogo, na kuuzwa mahali watu wanapopita.

Baadaye magazeti pendwa yalifanya kazi hiyo hiyo. Eric Shigongo alitoa hadithi zake kipande kwa kipande, na watu walinunua gazeti wiki iliyofuata ili wajue kilichotokea. Wote hawa walianza na swali la msomaji yuko wapi na anasoma saa ngapi.

Nimemwachia mchuuzi nakala nne. Hakutaka mali kauli. Amenilipa 7,000 kila moja papo hapo, kwa sababu kwake kitabu kisichouzika kinachukua nafasi ya kitabu kingine. Malipo yake nimeyathamini kuliko sifa.

Jumapili, 19 Mei

Ziwa limepanda sana mwaka huu. Baadhi ya vichanja vya kuanikia dagaa viko majini, na akina mama wamehamia juu barabarani. Biashara hata hivyo ni kubwa, kwa sababu tangu Mei 15 Serikali imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na wanunuzi wa Kigoma wamekuja kutafuta dagaa huku.

Nimezungumza nao. Wanasema mialo ya kwao imejaa vijana wasio na kazi. Miezi mitatu ya muda mtupu, bila fedha. Usiku nimempigia shemeji yangu aliye kinyozi Kibirizi, Kigoma. Nimemwomba jambo ambalo hakuna duka lingelikubali: nimtumie nakala sita kwa basi, asiziuze, azikodishe. Shilingi mia tano kwa siku tatu, mia mbili yake, mia tatu yangu. Kitabu hakitoki bila jina na namba ya simu.

Rafiki yangu mmoja mwandishi amenionya kwamba naua mauzo, kitabu kimoja kitasomwa na watu ishirini. Nimemjibu kwamba hao ishirini leo hawana elfu kumi. Agosti wakirudi ziwani watakuwa nayo, na watakuwa wananijua. Kukopeshana kitabu ni desturi yetu ya siku zote. Bora nami niwe na nafasi ndani ya desturi hiyo.

Jumatano, 12 Juni

Mambo mawili ya kuamua leo.

La kwanza ni WhatsApp. Nilituma sura ya kwanza kwenye makundi matatu, pamoja na lipa namba na maelezo ya jinsi ya kupokea mzigo ofisi ya basi. Waandishi wengi wa hadithi za simu wanaishi hivi: sehemu za mwanzo bure, kisha msomaji anatuma buku, anaendelezewa. Imenipa wasomaji Dodoma, Songea na Muscat, ambako dada mmoja anayefanya kazi za ndani amesema amelia kwa kusikia Mwaloni inatajwa. Huyo kitabu chake kitabebwa na mtu anayesafiri.

Jana mtu alipiga picha kurasa zote akaziweka kwenye kundi. Hakimiliki yangu ninaijua na ninaithamini. Nimemwandikia kiongozi wa kundi kwa heshima, nikamweleza kitabu kimegharimu nini na nani alikilipia, nikamwomba azifute. Amezifuta na kuomba radhi mbele ya wote, na wengine walioanza kusoma pale wamelipia nakala halali. Nimeona kwamba wengi hawajawahi kuambiwa na mwandishi mwenyewe kwamba kitabu kina mwenyewe.

La pili ni uzinduzi. Ndugu wananishauri nikodi ukumbi, nimwalike mgeni rasmi, kitabu kipigwe mnada. Wanalisema kwa upendo, nami nimeupokea upendo wao. Lakini nimekokotoa: ukumbi, vipaza sauti, chakula na kadi ni gharama ya kuchapa nakala mia moja na zaidi. Watakaokuja watanunua ili kunisaidia, na msaada hutolewa mara moja. Nataka fedha hiyo iwe karatasi na wino. Nitawapikia ndugu zangu pilau nyumbani, nitawasomea, na wao wanisaidie kubeba maboksi.

Alhamisi, 8 Agosti

Maonyesho ya Nane Nane, Nyamhongolo. Tuna meza pamoja na akina mama wa dagaa wa kukaanga. Wao wanafunga pakiti, mimi nina vitabu pembeni. Watu wanakuja kwa ajili ya dagaa, wanaona jalada lenye taa juu ya mtumbwi, wanauliza. Anayechukua pakiti tatu tunampa kitabu kwa 8,500. Umati ni mkubwa kuliko Mwaloni, lakini wengi wanapita tu. Mauzo mazuri ni ya wenyeji wa visiwani waliokuja kutazama zana za uvuvi.

Nimejifunza kusimama. Nikiwa nimekaa nyuma ya meza watu wanaona muuzaji. Nikiwa mbele yake, kitabu mkononi, nasoma, wanaona msomaji, na wanataka kujua anasoma nini.

Duka lile la mjini bado halijanilipa nakala kumi za Januari. Nimepita tena na hati yangu. Wameniambia mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 21 Septemba

Sebule iko tupu. Zimebaki nakala chache ambazo siziuzi, ni za kumbukumbu na za wanaosoma hapa nyumbani.

Shemeji amenirudishia vitabu vya Kibirizi. Jalada la kimoja limetoka, kingine kurasa zimeachia gundi, vyote vina madoa ya mafuta na unga wa dagaa. Orodha ya majina imejaza kurasa tatu za daftari lake. Tangu ziwa lilipofunguliwa Agosti 15, watu kumi na wawili katika orodha hiyo wametuma elfu kumi kamili kwa kitabu ambacho tayari wamekisoma. Mmoja ameniambia anakitaka kwa ajili ya mkewe. Mwingine anataka kukipeleka kwao Uvira. Mmoja amenipigia kubishana nami kwamba mjane hakupaswa kumsamehe mpimaji. Tumezungumza hadi salio lake likaisha, nikampigia mimi.

Vitabu vile vilivyochakaa vimenipa maelekezo bora ya toleo la pili kuliko mhariri yeyote. Herufi ziwe kubwa, kwa sababu vilisomwa usiku kwa taa ndogo za sola zile zile wanazovulia. Jalada liwe gumu kidogo na lipakwe nailoni, lifutike. Kurasa zishonwe kwa uzi kabla ya gundi, kwa kuwa kitabu kinachopita mikono ishirini hakiwezi kushikwa na gundi peke yake. Ukurasa wa mwisho uwe na namba yangu ya simu na mistari mitupu ya kuandika majina ya wasomaji. Kushona kutaongeza takriban shilingi 900 kwa nakala, na hizo nitazibeba mimi. Bei inabaki 10,000.

Mchapaji ameuliza kwa nini nang'ang'ania mzigo ufike kabla ya Novemba 8. Nimemweleza habari ya giza na mwezi, akaniambia miaka yote ya kazi hakuwahi kusikia mwandishi akipanga tarehe hivyo.

Jioni nimewapigia wale wa kwenye daftari, kikundi cha Igoma kwanza, halafu Nansio, halafu Kibirizi. Nimewauliza nani atalipia sasa apokee Novemba, na akilipia jina lake lichapwe nyuma ya kitabu kwenye orodha ya walioliwezesha toleo. Hadi saa tatu usiku malipo yaliyoingia yamefika theluthi ya gharama ya uchapaji. Toleo la kwanza nilililipia peke yangu. Toleo hili linalipiwa na watu walioandikiwa, na Jumatatu natuma fedha yao kwa mchapaji pamoja na majina yao, moja moja, yameandikwa kama wao wanavyoyaandika.